Masizi Kwenye Mvunjiko

Dokta Lukindo kaniajiri kuosha vigae.
Elfu kumi kwa siku na chai ya tangawizi,
mswaki mmoja, mabeseni mawili, chekeche la unga,
nyuma ya nyumba iliyobaki ukuta na nusu
huku Dunda, Bagamoyo, mahali walipotupa taka zao
watu ambao majina yao hayamo shimoni.

Naosha. Tope linalegea, maji yanageuka uji.
Hiki ni shavu la mtungi. Hiki ukingo wa bakuli la Ulaya,
ua jekundu limepigwa muhuri wa sifongo,
na pembeni tundu mbili, ndogo, zimetobolewa kwa subira:
mtu alilivunja, akasonya, akalishona kwa waya.
Kushona bakuli! Siku hizi tunatupa hata bila kulaani.

Muharami anajaza fomu. Anakihoji kigae
kama karani wa zahanati anavyomhoji mgonjwa:
Umbo? Unene? Rangi ya ndani? Masizi yapo?
Yapo. Anatia alama: chungu cha kupikia.
Kigae kinaingia mfukoni, namba mia nne na kumi na mbili,
na hakijasema kitu.

"Hebu nirudishie hicho," nikamwambia.

Nikakigeuza upande wa jeraha.
Masizi yalikuwepo hata pale, juu ya mvunjiko wenyewe,
meusi, yameganda kama wanja wa juzi.
Basi kilivunjika kwanza,
kisha moto ukaja tena.

Bibi yangu Mwanamvua hakuwa na pa kuzikia vyombo.
Chungu kikipasuka, matusi ya dakika moja,
halafu gae kubwa linaegemezwa nyuma ya mlango
lingoje asubuhi ambayo jiko limelala na kiberiti hakuna.
"Kamwombe moto mama Chano."
Nakwenda nalo mbio, narudi nalo polepole,
mikono miwili, makaa matatu yakipumua chini ya jivu,
natembea kingalawangu, mgongo nimeupa upepo.
Wakati mwingine walikuwa wamegombana tangu jana:
kuku, kamba ya kuanikia, maneno ya kisimani.
Hawakusalimiana.
Moto ulitolewa.

Dokta akachuchumaa. Akavaa miwani, akaivua.
Alinyamaza kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
Kisha akasema tumwage mifuko yote,
tuanze upya, safari hii tutazame majeraha.

Hadi adhuhuri tulipata kumi na saba.
Kumi na saba, shimo moja!
Mfinyanzi hulia gaeni, husema watu wakimcheka;
hawasemi mtaa mzima uliwashiwa hapo hapo.

Fomu haina safu ya jambo hilo.
Muharami kachora moja kwa rula, akauliza tuiite nini.
Mimi nikasema: Kuomba.
Dokta akasema: Matumizi ya pili.
Limeandikwa la Dokta, ila kwa penseli.

Jioni nimerudi Magomeni, gesi imekatika
maharage yakiwa bado yanagongana.
Ng'ambo ya ukuta namsikia Bi Tatu akipepea jiko lake.
Mwezi wa tatu huu hatusemezani, sababu ya mfereji.
Nimesimama katikati ya jiko langu
natafuta kitu cha kubebea.
Nyumba nzima plastiki.