Kadi ya Kliniki

Alikuja na kadi ya kliniki ya Elburgon,
imekunjwa mara nne hadi mikunjo imekula wino,
akaitandaza juu ya kioo cha kibanda changu
kati ya mikanda na saa zilizokufa.
"Nasikia unasoma nyota pia."
Nasoma, nikasema, wateja wakiadimika.

Bosibori, miaka thelathini na mmoja.
Mnajimu mmoja wa Langa Langa alikwisha kumchorea:
Mwezi wako na Zohali wanatazamana
kama majirani wenye kesi ya mpaka,
na Mirihi kasimama ubavuni, mraba kwa huyu,
mraba kwa yule, panga mkononi,
ndani ya nyumba ya saba.
Ndoa hapo, mama, hakuna.
Alilipa mia tano.
Ijumaa akarudisha pete.

Nikatoa kipimapembe cha mwanangu wa darasa la sita
na kitabu cha falaki cha marehemu mjomba Fadhlmula,
ambacho mchwa wamekula kuanzia Mizani kwenda mbele.
Nikapima. Tisini. Nikageuza karatasi: tisini.
Wa Langa Langa hakukosea hesabu.

Lakini mimi ni fundi saa,
kidole changu huanzia kwenye saa.
Kadi imeandikwa 11.15. Basi.
Si asubuhi, si jioni.

Nesi alihesabu kwa saa ipi?
Kwa saa ya ofisini, hiyo ni saa tano na robo,
jua linakaribia utosi, foleni ya chanjo imefika getini.
Kwa saa yetu, ya kuhesabu tangu kuche,
ni kumi na moja na robo, ng'ombe wanarudi.
Kati ya hizo mbili kuna saa sita,
na saa sita ni robo nzima ya mbingu.

Ugomvi ni uleule, nikamwambia.
Zohali hajasogea hata unywele,
Mwezi ametambaa digrii tatu tu.
Kilichohama ni chumba.
Ikiwa ulizaliwa jioni, Mirihi yuko kwenye ndoa na panga lake.
Ikiwa ni mchana, panga liko kazini kwako, nyumba ya kumi,
na aliyeingia kwenye ndoa ni Zohali,
mzito, mchelewaji,
ingawa akishakaa, amekaa.

"Huyo ndiye nafuu?"
Sikumjibu.

Akampigia mama yake, akaweka spika.
Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati, mama akasema,
hata kilio chako sikukisikia.
Nani angetazama saa?
Kisha akauliza kama viazi vimefika stesheni.

Nikafungua saa ya karani mmoja wa Posta
nimwonyeshe gurudumu linavyomuma mwenzake,
nimwambie bila meno kuumana mshale hauendi.
Maneno yalikuwa yamefika midomoni.
Nikayaona ni ya kuuzia,
nikarudisha kifuniko.

"Kwa hiyo pete?"

Sikuona pete kwenye mchoro.
Niliona mistari mitatu ya penseli,
na upepo wa Menengai ulikwisha kuleta vumbi lake
juu ya Zohali, juu ya Mwezi,
nikipangusa nafuta na mstari.
Ningeweza kusema: mpigie mwenye pete.
Ningeweza kusema: mtu aliyekubali kuipokea bila neno,
nyumba yake ya saba ina nani?
Nilisema tu kwamba sijui,
na kwamba kutojua sitozi.

Akavua saa ya mkononi, ndogo, ya dhahabu bandia.
"Inachelewa dakika nane. Hii utaiweza?"
Hiyo naiweza.
Njoo kesho saa tano.

Akaazima kalamu yangu,
akaandika kiganjani: 11.