Chumba cha Nne

Februari, Tudor, saa nane mchana.
Saruji inarudisha joto lote ililokopa asubuhi.
Nimo darini kwa Mselem, nimelala kifudifudi
kati ya mabomba ya bati na mavi ya popo,
tochi mdomoni, jasho linanitafuta machoni.

Mashine ni moja, vyumba ni sita.
Hadi jana baridi iligawiwa kama pilau ya harusi:
aliye karibu na sufuria alishiba,
wa mwisho alinusa.
Sebule ilitetemeka, chumba cha watoto kilitokota,
na stima ilimeza tokeni
kama mbuzi aliyeingia shamba la jirani.

Nikang'oa vifuniko vya zamani, nikatia vipya,
kila kimoja na mota yake, ndogo kama kidole gumba,
kila chumba na kihisi chake ukutani.
Jioni nikawasimamisha sebuleni na simu zao:
Hiki cha jikoni. Hiki cha watoto. Hiki chenu.
Gusa hapa, kinafumba. Gusa tena, kinafumbua.
Lakini msifumbe vyote.
Hewa ikikosa pa kwenda humrudia mwenyewe na hasira.
Bwana Mselem akatikisa kichwa kukubali,
kidole chake kikiwa kimeshaifunga sebule.

Wiki tatu. Simu ikalia alfajiri:
"Nyamvula, dari inalia machozi."

Nikapanda.
Katika mji huu ambao barafu hutoka kiwandani
imefunikwa maranda kama mgonjwa,
mashine ilikuwa imejivika barafu hadi shingoni,
nyeupe, imenyamaza.

Simu huandika kila kitu. Hilo sikuwa nimewaambia.
Saa mbili usiku, mume afunga sebule.
Saa tatu, mke afunga jikoni.
Saa tatu na dakika tano, mume afunga cha watoto.
Saa nne, mke afunga chao wenyewe.
Mume afungua.
Mke afunga.
Mume afungua.
Mara kumi na moja usiku mmoja,
na sidhani kama kuna neno lililosemwa:
kitanda kimoja, migongo miwili,
vioo viwili vikimulika kuta.

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.
Mimi nilikuwa nimeijua, na sikutaka.

Kimoja tu kilikuwa wazi, chumba cha nne,
nyuzi ishirini na mbili, usiku na mchana,
tangu siku niliyofungasha vyombo vyangu.
Chumba cha nne hakina mtu.
Kina kitanda kilichotandikwa, begi la shule lililokatika mkanda,
na cheti cha kuhitimu upishi, jina Mishi Mselem.
Bi Arafa akasimama mlangoni, hakuingia.
"Yuko Doha," akasema. "Akirudi asikute joto."

Sikuuliza anarudi lini.
Nikatazama tena kumbukumbu ya simu.
Siku ya tisa, mume alikifunga.
Dakika mbili.
Akakifungua mwenyewe.
Tangu hapo hakuna aliyekigusa.

Ningeweza kuwaambia hesabu ya hewa:
kwamba mashine ilizibwa pumzi na vyumba vyenye watu,
na kama ilifika wiki ya tatu ikiwa hai,
ni kwa kile kisicho na mtu.
Lakini fundi halipwi kwa maneno hayo.
Nikaandika nyuma ya risiti:
Matundu matatu yasifungwe kamwe.
La kwanza chumba cha nne.
Mengine mkubaliane.

Kisha nikazima umeme, tukangoja barafu iyeyuke,
hakuna dawa nyingine, ni kungoja tu.
Maji yakajaza karai la kufulia.
Lilikuwa zito. Mume akashika upande huu, mke upande ule,
wakateremka nalo ngazi polepole, likiwamwagikia miguuni,
na hadi nafika getini nilikuwa bado nawasikia
wakibishana kwa sauti
wapi pa kuyamwaga.