Kibao cha Raskazone

Halmashauri inalipa kwa herufi,
shilingi mia mbili, kubwa au ndogo,
nukta haihesabiwi.
Kwa hiyo nalipenda neno "marufuku":
herufi nane, elfu moja na mia sita,
chai na chapati mbili, na chenji inabaki.

Bwana Shekiondo amekuja na karatasi
iliyogongwa mhuri juu ya doa la chai.
Kiti cha plastiki ameniachia mimi;
yeye kasimama ukingoni, viatu vyake vinauogopa mchanga.
"Andika," anasema, "waone."

Ni marufuku kuruka majini kutoka ukutani.
Hii najua ni ya nani.
Ni ya Kombo Mnyeto, aliyeuzoea ukuta maji yakiwa yamejaa,
akaurukia siku yamekupwa.
Sasa anauza vocha Barabara ya Nane.
Ukimwita jina
hugeuka mzima mzima, kama kabati.

Ni marufuku kuvua kwa mshipi wanapoogelea watu.
Ndoana ilimnasa Saumu sikioni, akapiga kelele,
na aliyeirusha, kabla ya pole,
aliomba arudishiwe ndoana yake.

Ni marufuku kutumia chandarua kuvulia.
Hapo Bi Mwanjaa akapanda kutoka majini,
ndoo ya uduvi kichwani, tope hadi magotini.
"Nisomee."
Nikamsomea.
"Mimi natanda kanga. Chandarua nakilalia.
Liandike na hilo."
Nikamtazama afisa.
Afisa akaitazama bahari.

Ni marufuku kuvua kwa baruti.
Brashi ilinikaukia mara mbili katika mstari huu.
Hakuna aliyekuja kuuliza, hauna mwenyewe.
Mlio wake sote tunaujua;
tunauita radi
hata kiangazi.

Ni marufuku kuogelea bila mavazi ya heshima.
Watoto watatu, uchi kama vidole,
wakasoma kwa sauti, silabi kwa silabi,
wakanipongeza kwa mwandiko,
wakarudi majini.

"Na kupwa je?" nikauliza.
"Kupwa gani?"
"Maji yakianza kutoka. Ule mkondo wa pale, baada ya boya."
Akahesabu mistari. Akahesabu pesa.
"Ubao umejaa," akasema,
na kweli ulikuwa umejaa.

Nilikuwa na miaka tisa.
Nilielea chali, masikio ndani ya maji,
nasikia mchanga ukijisemesha huko chini,
nikafumbua macho na mji ulikuwa mdogo.
Miti ya pwani imekuwa kama mswaki.
Nikapiga mikono kurudi, mji ukazidi kwenda.
Karibu na Kisiwa cha Toten mtu wa ngalawa alinishika nywele.
Alinizaba kofi kwanza,
kisha ndipo akaniuliza mimi mtoto wa nani.
Mimi sikumuuliza lake.
Nakumbuka tasi wanne kwenye maji ya ngalawa,
mmoja bado anafungua kinywa,
na mimi kando yake nafanya vilevile.

Jioni, afisa alipokwisha kwenda kutafuta teksi,
nilipiga magoti.
Chini kabisa, kwenye ubao mwembamba unaoshika miguu,
kimo cha mtoto aliyechuchumaa,
niliandika kwa buluu iliyobaki ya mlango wangu:
Maji yakitoka, toka.
Herufi kumi na sita. Risiti haina.

Leo nimepita na baiskeli.
Kaptula mbili zimetundikwa juu ya ule ukuta wa Kombo.
Mtu kafungia mshipi wake kwenye nguzo,
ameketi anavua, mgongo kaupa sheria.
Na mmoja wa wale watatu, yule mdogo,
alikuwa chini, anajitoa mwiba wa fuma kisiginoni
kwa utomvu wa papai,
huku anaufuata mstari wangu kwa kidole chenye chumvi.
Akanyanyua uso.
"We fundi," akasema, "hapa umekosea.
Toka umeiandika mara mbili."