Mpiga Mbizi Nchi Kavu

Bwawa lilikauka mwezi wa pili, pampu ilipokufa,
wiki tisa kabla ya mashindano.
Fundi alifungua, akafunga, akataja bei.
Bodi ya shule ikasema itakaa.
Ikakaa.
Sisi tulisimama ukingoni, sita, taulo shingoni,
tukitazama jani moja likizunguka chini kabisa,
pale penye kina cha mita tatu.
Maji tulikwisha kuyavulia nguo.
Yenyewe ndiyo hayakuja.

Mwalimu Eliufoo hakutoa hotuba.
Alileta tyubu za baiskeli kutoka kwa fundi wa Rau,
akazikata kwa kisu cha jikoni,
akazifunga kwenye nguzo ya goli.
Inameni, alisema. Mgongo uwe meza.
Mkono mbele, kiwiko kibaki juu,
vuta mpaka gumba liguse paja.
Tena.
Hamsini kulia, hamsini kushoto.
Tyubu ya Shedrack ilikuwa na kiraka,
kila akivuta kinalia kama bata,
tukacheka, tukapoteza hesabu,
tukaanza upya kwenye moja.

Mama Ndewira wa kantini, na ungo wake wa mchele,
alitutazama siku tatu bila neno.
Siku ya nne tulilala kifudifudi juu ya mabenchi
tukipiga mateke hewani, vidole vimenyooka,
naye akasema, bila kuinua macho:
"Mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni."
"Shikamoo, mama," mwalimu akajibu.
Tukaendelea.

Usoni sikuchunuka.
Nilichunuka viwiko, magoti,
na nyonga, pale benchi lilipoficha msumari.
Lakini nilijua kuwa bega lina mlango,
na kwamba miaka mitatu nilikuwa naupiga teke
badala ya kuufungua.
Maji ni kama shangazi mwenye huruma,
hukubeba wewe pamoja na kosa lako.
Hewa haibebi mtu.
Hewa inauliza tu: mkono huu unaenda wapi?

Kulikuwa na zoezi la ngumi.
Unafumba viganja, unavuta kwa kigasha peke yake,
na kwa kuwa maji hatukuwa nayo
Shedrack alinishika kigasha, yeye ndiye maji.
"Kuwa mazito," mwalimu alimwambia.
Akawa mazito.
Mikono yake ilinuka sabuni ya kufulia.
Sikumwambia mtu kwamba siku ile nilihesabu vibaya makusudi.

Wiki ya sita tulishuka bwawani kwa ngazi, tumevaa viatu.
Ule mstari mweusi nilioujua kupitia miwani tu,
ukitetemeka,
ulikuwa vigae vya kawaida, viwili vimevunjika.
Tuliokota shilingi mia mbili, kifungo,
na hereni ambayo Nai aliililia kidato cha kwanza.
Mimi ni wa chali. Chali huuoni ukuta,
unahesabu tangu bendera.
Basi tukatundika vitenge kwenye kamba, mita tano,
nikatembea kinyumenyume, mikono ikizunguka kama pangaboi:
moja, mbili, tatu, nne,
kichwa kikagonga.
Tena. Moja, mbili, tatu,
nyoosha.
Juu, kati ya vitenge, Kibo ikatoka kwenye wingu kidogo
kama mtu anayechungulia
kuona kama wageni wameondoka.

Dar maji yao ni ya uvuguvugu, kama chai iliyosahaulika.
Nilikuwa wa tano.
Lakini bendera zilipopita nilihesabu tatu, nikanyoosha,
na ukuta ulikuwa pale.
Mama Ndewira alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu
kulia, kushoto, kama anayekagua nyanya.
Hakusema kitu. Aliniongezea maharage.

Pampu bado.
Jana usiku mvua ya masika ilipiga mpaka alfajiri,
na kule kwenye kina cha mita tatu
kumekusanyika maji ya kufika kifundo cha mguu.
Tumewakuta vyura wawili.
Mwalimu amechuchumaa ukingoni, saa mkononi,
ametuita kwa kunong'ona, tusiwashtue:
"Njooni. Tazameni mateke yale."