Farasi Mia na Mmoja

Gari la mama ni Suzuki ya mwaka tisini na nne,
nyeupe iliyogeuka rangi ya jino la mvutaji,
na buti lake linanuka unga wa pilipili hoho
hata baada ya kulisugua mara nne kwa siki.
Lilizaliwa hapa hapa Esztergom, kiwandani,
na baba ndiye aliyelifunga mlango wa kushoto,
au ndivyo alivyodai mpaka mwisho wake,
maana kila Suzuki iliyopita barabarani
aliinyooshea kidole: “Mlango ule ni wangu.”

Farasi hamsini na watatu, kitabu kinasema.
Mimi nasema thelathini; waliobaki walistaafu pamoja na baba.
Tukiukabili mlima wa Dobogókő
mama huzima redio
ili gari lisipoteze nguvu kwa muziki.

Novemba nikanunua injini.
Valvu kumi na sita, farasi mia na mmoja,
kutoka gari jekundu lililoukumbatia mti wa jozi
njiani kwenda Tatabánya.
Muuzaji, mzee Ottokár, alizihesabu noti mara mbili.
“Unamfungia nani?”
“Mama.”
“Mama yako anamkimbia nani?”

Ya zamani ilitoka bila ubishi,
ikaning'inia kwenye mnyororo
kama mgonjwa aliyekwisha kutia saini.
Nikapima shimo. Nikanywa kahawa, nikapima tena.
Vidole viwili.
Vidole viwili vya chuma vilinizuia wiki tatu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema;
hawakusema mgeni akija na mabega mapana
avunjiwe ukuta upi.
Shemeji yangu Csongor akaja na mashine ya kuchomelea,
akakata kishikizo, akakisogeza, akakosea,
akatukana kwa Kihungari, akamalizia kwa Kislovakia,
akakata tena. Theluji iliingia chini ya mlango wa gereji
ikayeyuka kwenye oili bila kuchanganyika nayo.

Breki nilibadilisha kwanza, kabla ya fahari yoyote.
Halafu klachi. Halafu rejeta, iliyogoma kukaa
mpaka nilipoitoa feni na kuigeuza nje ndani.
Kisha nyaya.

Nyaya!
Nilizitandaza juu ya meza ya jikoni,
za kijani, za kijani zenye mstari, za kijani zilizokuwa nyekundu,
na mchoro uliochapwa kwa Kijapani.
Mama alisogeza sufuria ya supu, hakusema kitu.
Siku ya nne akasimama nyuma yangu na miwani yake ya kufumia,
akafuata waya mmoja kwa ukucha, polepole,
kutoka plagi hadi fyuzi, kutoka fyuzi hadi hewani.
“Hapa umeruka tundu,” akasema.
“Fumua urudi mpaka hapa.”

Nikafumua.

Jumanne ya Februari, saa tatu usiku, nikazungusha ufunguo.
Kimya. Stata haikupiga hata kidoko.
Csongor akanitazama, nami nikatazama sakafu,
na sakafuni, kando ya buti langu la kushoto,
ulilala waya wa ardhi, mnene kama kidole gumba,
niliousahau.

Mara ya pili ikakohoa moshi wa buluu,
ikasita, ikashika.
Haikunguruma. Ilikuwa inasema neno moja,
lile lile, haraka, bila kupumua,
na spana zote ukutani zikaliitikia.

Mkaguzi alilala chini ya gari nusu saa.
Aliuliza nani alichomelea, nikamtaja shemeji;
akauliza nani alifunga nyaya,
nikasita, nikasema: sisi.
Akagonga muhuri.

Mlango wa kushoto sikuugusa.
Bado unadai kuinuliwa kidogo kabla haujafunga,
na mama huuinua bila kufikiri.
Jumapili aliufunga hivyo, akakaza mkanda,
akauelekeza uso wa gari mlimani.
Kwenye kona ya kwanza mkono wake ukaenda redioni, kwa mazoea,
ukafika kwenye kitufe,
ukabaki pale,
haujui la kufanya.