Daftari la Waliokufa

Kazi yangu ilikuwa kuwazuia wafu wasirudi.
Ndivyo nilivyowajibu majirani hapa Duluth
walipouliza, wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari:
Marjatta, unafanya nini humo ndani tangu alfajiri?

Lyle Brandvold aliandika vitabu sitini na kimoja
na katika kila kimoja vita vilianza ukurasa wa tatu.
Sayari zilitekwa kabla msomaji hajamaliza kikombe.
Manowari zilipasuka kimyakimya, maana huko juu
hakuna hewa ya kubeba kishindo;
hilo alilishikilia kama wengine wanavyoshikilia dini.
Aliandika mbiombio, kama mtu anayekimbilia basi,
akasahau aliowaua.
Sajini aliyeungua kitabu cha tisa
alikuja kuvuta sigara kitabu cha kumi na nne.
Ndipo mchapishaji akaniajiri.

Nikanunua daftari la jalada jeusi, lile la wenye maduka.
Jina, cheo, kikosi, kitabu, ukurasa.
Safu ya mwisho: alivyokufa.
Kwa moto. Kwa moto. Kwa baridi. Kwa amri ya mjinga.
Kwa moto.
Watu elfu nne mia mbili na kumi na wawili
kwa mwandiko wangu mdogo.

Wahakiki wa Minneapolis walisema anapenda vita.
Labda. Alipenda nati na boliti zake,
lita za mafuta kwa saa, zamu ya pili inalala wapi,
buti za nani zimetoboka.
Majenerali aliwapa kurasa mbili,
na mmoja wao wanautumia kutafuta miwani.

Lakini mpishi.
Koplo Pelkey, mwenye sikio moja lililokunjika,
alitokea kila kitabu, daima amechelewa,
akiburuta sufuria la supu ya njegere
kupita mahandaki ya sayari zisizo hata na jua,
akisema, "Imepoa kidogo, samahanini."
Hakuwa shujaa. Hakuwa na maneno mengi.
Hakuingia daftarini mwangu.

Kitabu cha ishirini na mbili nikamkamata.
Manowari moja ililipuka na wote waliokuwamo,
na Pelkey, kurasa arobaini nyuma,
alikuwa amepanda humo na gunia lake la vitunguu.
Nikaandika pembeni kwa penseli: Huyu amekufa.
Siku mbili simu haikulia.
Ya tatu akaja mwenyewe kutoka Two Harbors
katikati ya tufani, theluji kwenye nyusi,
akabwaga mezani kurasa mpya mia moja na kumi.
Alikuwa ameuhamisha mwezi.
Mwezi mzima, na mvutano wake, na ratiba ya msafara wote,
ili meli itue dakika kumi mahali pengine
na mpishi ashuke kutafuta chumvi.

"Hesabu ziko sawa," alisema. "Nimezipiga mara tatu."
Sikumuuliza kitu. Wanaume wa ufuko huu wa ziwa
ukiwauliza, hukusimulia bei ya kuni.
Nilimpa kahawa. Akaikoroga kwa kijiko chake cha bati
alichokitoa mfukoni,
kina herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari,
na hazikuwa zake.

Tulimzika Machi, ardhi ikiwa bado chuma.
Cha sitini na mbili anakiandika kijana mwingine;
sentensi zake safi, na vishindo vyake
vinasikika hadi nyota ya tatu.
Mswada umefika leo kwa posta.
Ukurasa wa kumi na mbili, ili tujue mambo ni mazito,
Pelkey anakufa.
Kwa moto.

Nje, meli ya madini inapiga honi, daraja liinuliwe.
Daftari liko wazi. Safu inangoja.
Nachonga penseli hadi inanukia mbao.
Nafuta kwanza vishindo, kimoja kimoja.
Kisha pembeni, kwa mwandiko ule ule mdogo:
Kosa. Saa hiyo Pelkey alikuwa bado hajafika.