Kilo

Swali la kwanza nilimuuliza chini, ufukweni Muhanzi,
boti ya Idjwi ikiwa bado inatapika magunia.
Nilikuwa na tableti, kitambulisho shingoni, mwavuli,
na ile sentensi ya kukariri: Mama, majibu yako ni siri.
Cibalonza akainama, akapitisha kamba kwenye paji la uso,
gunia la mihogo likampanda mgongoni
kama mtoto aliyepita umri wa kubebwa.
— Siri hiyo itembee, akasema. Mimi sisimami.

Basi tukapanda.

Umri? Arobaini kasoro. Watoto? Sita, wanne wako hai.
Kwenye swali la tisa nilikosa pumzi. Yeye hakukosa.
La kumi na moja lilisema "mahusiano ya kingono yasiyo salama."
Akacheka mpaka gunia likatikisika.
— Dada, hicho Kiswahili kimefunga kravati.
Sema kapoti. Sema: mwanaume, usiku, kapoti.
Na sema chini chini, huyo mwenye ndizi nyuma yetu ni wifi yangu.

Nikashusha sauti.
Pikipiki zikapita kati yetu na ile siri.

Penye kona, pale mvua ilipokula barabara,
kuna jiwe lililolainishwa na migongo.
Akaegemeza mzigo bila kuufungua, kamba bado kichwani.
Hapo nikauliza la ishirini na tatu:
Unaweza kumwambia mume wako avae?
Visanduku viwili. Ndiyo. Hapana.

Akaliangalia ziwa, jinsi mtu anavyoangalia saa.
— Inategemea kilo.
— Kilo?
— Siku nimebeba themanini, nanunua unga, mafuta, na sabuni juu yake.
Usiku huo nasema, na ananisikia.
Siku ya hamsini nasema nusu, ananisikia robo.
Siku boti haikuja, na unga kauleta yeye,
dada yangu, siku hiyo mdomo wangu ni wa kula tu.

Anatoka Kamituga kila mwezi wa tatu,
vumbi la dhahabu kwenye kucha,
na mengine ambayo hayaonekani kwenye kucha.
Kupima? Kituo kinafungua saa mbili, kinafunga saa tisa.
Saa hizo mimi ni punda.
Andika hapo: wafungue usiku.
Andika: muganga asiniite jina langu lote
mbele ya benchi nzima.

Kisha akanivika kamba, nionje.
Shingo yangu ya chuo ikalia kama mlango wa zamani.
Wifi mwenye ndizi alifurahi sana.

Nilitafuta kwenye kioo mahali pa kuandika kilo. Hapakuwepo.
Niliandika kwa kalamu, kwenye kiganja: 80 nasema. 50 nusu. 0 kimya.

Ofisini Nguba, Bwana Byamungu wa takwimu
aliutazama mkono wangu kama mtu aliyeletewa samaki asiyemwagiza.
Si mtu mbaya. Alinipa hata chai.
— Nje ya kisanduku hakuna jibu, akasema. Weka 99.
Tisini na tisa maana yake: hakujibu.
Cibalonza,
aliyejibu kuliko watu wote wa orodha yangu,
hakujibu.

Jioni maji ya bomba hayakuwepo, wino ukabaki.
Nilikaanga sambaza.
Patrice alikuwa sebuleni, viatu vyake vizuri mlangoni,
kodi ya nyumba hii kailipa yeye, miezi sita mbele.
Tangu Januari nimewauliza wanawake mia moja na kumi na wawili
swali la ishirini na tatu.
Mafuta yalikuwa yanaruka. Nikapunguza moto.
— Patrice, nikasema.
— Ndiyo?
Nikafungua kiganja,
nikaanza kuhesabu zangu.